Mkaa, Mto na Bahari: Mazingira ya Somalia Tangu 1991

Kumbukumbu za kina cha mto Shabelle katika mji wa Beledweyne zinaanzia mwaka 1951. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Mtu aliyeajiriwa kwa shughuli hiyo alishuka ukingoni, akasoma namba kwenye kipimo kilichosimikwa majini, akaiandika daftarini, na namba ile ikapelekwa Mogadishu. Huko Luuq na Baardheere, kwenye mto Juba, ilikuwa vivyo hivyo. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na kurasa za madaftari zikabaki tupu. Usomaji ulianza kurejea kidogo kidogo mwaka 2001, kwa msaada wa FAO kupitia mradi wake uitwao SWALIM. Kwa miaka kama 10 mito miwili ambayo kusini mwa Somalia huitegemea ilipanda na kushuka pasipo mtu wa kuihesabu.

Naanza na daftari kwa sababu mazungumzo kuhusu mazingira ya Somalia hukimbilia haraka kwenye risasi na jua kali, kana kwamba hayo mawili yanaeleza kila kitu. Risasi hazikukata migunga. Vita viliwaondoa wasimamizi: bwana misitu, mlinda lango la mfereji, mganga wa mifugo wa wilaya, doria ya baharini. Tabianchi ilipozidi kubadilika, iliikuta nyumba haina mwenyewe.

Nchi na majira yake

Somalia ina pwani ya zaidi ya kilomita 3,000, ndefu kuliko ya nchi nyingine yoyote ya Afrika bara. Mvua yake ni haba. Pwani ya kaskazini, inayotazamana na Yemen, hupata chini ya milimita 100 kwa mwaka, ilhali kusini, kati ya mito miwili, huweza kufika milimita 500 na ushei. Wasomali hugawa mwaka sehemu nne: Gu ni mvua kubwa za kuanzia Aprili, Hagaa ni kipindi cha pepo za kusi, Deyr ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na Jilaal ni kiangazi kikavu cha mwanzo wa mwaka. Mfugaji wa ngamia hupanga maisha yake yote kwa majina hayo manne. Msimu mmoja ukikosa mvua huvumilika. Mifugo huhamishwa, wazee hukubaliana na wenyeji wa malisho mengine, na mbuzi wachache huuzwa. Misimu miwili ikikosa, mtu huanza kula mtaji.

Ukame si mgeni huko. Ule wa 1974 na 1975, ulioitwa Dabadheer, uliua mifugo mingi sana, na serikali ya wakati huo, ikisaidiwa na ndege za Kisovieti, iliwahamisha maelfu ya wafugaji kutoka kaskazini hadi vijiji vipya vya kilimo na uvuvi kusini. Mtu anaweza kuubishia mpango huo kwa mengi, maana ulikuwa wa amri na wengi waliuacha baadaye. Lakini kulikuwa na wa kutoa amri.

Mkaa

Mgunga wa Somalia hutoa mkaa mzito, unaowaka polepole na kudumu, na sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Ng'ambo ya bahari, katika nchi za Ghuba, wavutaji wa shisha na wachoma nyama huupenda kuliko wa kwingineko. Zamani serikali ilikuwa imepiga marufuku kuusafirisha nje. Serikali ilipotoweka, marufuku ilitoweka nayo, na wenye bunduki wakagundua kwamba mti uliosimama porini bila mwenyewe ni fedha za kigeni.

Uchomaji wenyewe hufanyika hivi. Mti hukatwa ukiwa mbichi, kwa shoka au msumeno wa mota. Magogo hupangwa kwa mduara, hufunikwa kwa mabati ya mapipa yaliyopasuliwa, kisha hurundikwa udongo juu yake. Moto huwashwa kupitia tundu, tundu huzibwa, na tanuri huachwa lifuke kwa siku kadhaa. Anayelichunga hapati usingizi wa maana, kwani ufa mmoja ukiingiza hewa, mkaa wote hugeuka majivu. Likishapoa hufukuliwa, mkaa hutiwa kwenye magunia ya kilo 25 hivi, na lori huyabeba hadi bandarini. Porini hubaki duara jeusi la ardhi iliyoungua. Maduara hayo huonekana hata kwenye picha za setilaiti, na wachunguzi waliyatumia kuhesabu matanuri katika maeneo ambayo wasingethubutu kuyakanyaga.

Kaskazini-mashariki kulikuwa na mtu aliyepiga kelele mapema. Fatima Jibrell, mwanzilishi wa shirika la Horn Relief, aliwahamasisha wazee, wanawake na vijana mpaka utawala wa Puntland ukapiga marufuku usafirishaji wa mkaa mwaka 2000. Miaka miwili baadaye alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Puntland ilikuwa na utawala wa kushinikizwa. Kusini, Jibrell mwingine angemwendea nani?

Kusini palikuwa na kundi lenye silaha la al-Shabaab, waliotoza ushuru tangu mti unapokatwa hadi gunia linapopakiwa. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku kuuza na kununua mkaa wa Somalia. Miezi michache baadaye majeshi ya Kenya, yakiwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, pamoja na wapiganaji wa kundi la Ras Kamboni, yaliuteka mji wa Kismayo na kukuta huko mamilioni ya magunia yakisubiri meli. Biashara haikufa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti zao kwamba mapato ya bandari hiyo yaliendelea kugawanywa, wakaitaja pia Kenya, nayo Kenya ikakanusha. Barawa, mji wa wasemaji wa Chimwiini na kitovu kingine cha mkaa, ulitoka mikononi mwa al-Shabaab Oktoba 2014. Magunia yakatafuta njia nyingine. Yalisafiri na hati za uongo zilizodai kwamba mkaa umetoka Komoro au Côte d'Ivoire, na baadaye yalipitishwa Iran, yakafungwa upya na kuandikwa kuwa ni bidhaa ya huko. Ripoti ya 2018 ilikadiria kwamba al-Shabaab walipata angalau dola milioni 7.5 kwa mwaka kutokana na ushuru wa mkaa. Mwaka huohuo kundi hilo lilitangaza marufuku ya mifuko ya plastiki katika maeneo yake, kwa kuwa inadhuru watu na mifugo. Sijui msomaji acheke au afanye nini.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria kwamba kati ya 2011 na 2017 miti milioni 8.2 ilikatwa Somalia kwa ajili ya mkaa. Si yote iliyokwenda Ghuba. Mogadishu yenyewe hupika kwa mkaa, na kila ukame unapowasukuma watu mjini, idadi ya majiko huongezeka. Hapo ndipo ubaya wa jambo hili unapojizungusha. Mfugaji aliyefiwa na mifugo hana mtaji wala ujuzi wa mjini. Anachoweza kupata ni shoka. Hukata miti iliyokuwa kivuli na majani ya mifugo yake, ardhi hukauka zaidi, na jirani ambaye mifugo yake ilinusurika hukosa malisho msimu unaofuata. Wachoma mkaa wengi hawana urafiki na kundi lolote lenye silaha. Wana njaa tu.

Mahali palipoachwa wazi na miti ya asili huvamiwa mara nyingi na mti uleule ambao wafugaji wa Baringo na Garissa wanaujua kwa jina la mathenge. Ulipandwa Somalia miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga, ukiwa chini ya uangalizi. Uangalizi ulipokwisha ukajipandia wenyewe, ukaziba njia za maji na mashamba ya kando ya mito. Wasomali waliubandika jina garanwaa, yaani usiojulikana.

Mito miwili

Juba na Shabelle huzaliwa katika milima ya Ethiopia, na zaidi ya asilimia 90 ya maji yake hutoka huko. Kwa hiyo mafuriko ya Somalia yanaweza kuja siku ya jua, pasipo wingu hata moja juu ya mji. Beledweyne unaufahamu mkasa huo vizuri. Ulizama 2018, 2019, 2020, na mara mbili ndani ya 2023. Mei mwaka huo zaidi ya watu 200,000 waliuhama. Novemba, El Niño ilipopamba moto, maji yalirudi. Mvua za msimu ule ziliathiri watu wapatao milioni 2.5 nchi nzima na kuua zaidi ya 100.

Shabelle ni mto wa ajabu kidogo. Ukikaribia Mogadishu hauendi baharini. Hupinda kusini-magharibi na kufuata pwani kwa mamia ya kilomita, ukitengwa na bahari kwa matuta ya mchanga tu, na miaka mingi huishia kwenye vinamasi kabla ya kuufikia Juba. Bonde hilo ndilo lililokuwa likilisha nchi mahindi na kuuza ndizi Italia. Lilikuwa na mabwawa ya kuinua maji, malango ya chuma, mifereji ya kupunguza mafuriko, na bwawa kubwa la pembeni huko Jowhar, lililojengwa wakati wa utawala wa zamani ili kuhifadhi hadi mita za ujazo milioni 200. Malango yaliibwa au yakashika kutu, mifereji ikajaa tope, na bwawa la Jowhar likaacha kufanya kazi.

Sasa mtazame mkulima wa karibu na Jowhar mwezi Februari. Jilaal imekaza. Mfereji uliokuwa ukimletea maji umejaa tope na hakuna wa kuuzibua. Pampu anaweza kukodi, ila dizeli inamshinda. Mto uko pale, hatua chache kutoka shambani, na kwa kuwa tope la miaka limeinua sakafu yake, ukingo ukitobolewa maji huteremka yenyewe hadi kwenye mahindi. Anachukua jembe, anatoboa. Shamba linapata maji, na watoto wanakula. Mavuno yakiisha huziba tundu kwa magunia ya mchanga, kama ana magunia. Aprili au Mei maji ya Ethiopia yakishuka, hulikuta tundu hilo na mengine kama hilo kando ya mto mzima, na kijiji kizima huamkia majini. SWALIM huchora ramani za matundu hayo kila mwaka, moja baada ya jingine. Mkulima ana kosa gani? Alifanya alichoweza kufanya mtu mmoja, katika kazi ambayo duniani kote hufanywa na idara ya serikali.

Huko juu kaskazini, ambako hakuna mto, watu huhifadhi mvua kwenye berkad, matangi ya saruji yaliyochimbwa ardhini. Jina hilo ni ndugu wa birika letu. Berkad zilienea tangu miaka ya 1950 na zimeokoa wengi, lakini nazo zina lawama yake. Palipochimbwa berkad, mtu hukaa, mifugo haiondoki, na nyasi za pembeni hazipati nafasi ya kupona. Wenye uwezo huzungushia uzio eneo lililokuwa la wote. Ugomvi mwingi wa koo za bara, ukiuchimba, utakuta chini yake kisima, berkad au uzio.

Njaa

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa katika sehemu za Bakool kusini na Shabelle ya Chini. Utafiti uliofanywa baadaye kwa niaba ya FAO na FEWS NET, mtandao wa tahadhari za njaa, ulikadiria kwamba watu 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mvua ilikosekana Kenya na Ethiopia pia, na huko hapakutangazwa njaa. Somalia, al-Shabaab walikuwa wamelifukuza Shirika la Chakula Duniani katika maeneo yao, na mashirika mengine yaliogopa sheria za Marekani zilizotishia kumshtaki yeyote ambaye msaada wake ungeangukia mikononi mwa kundi hilo. Wakulima wa mitoni na watu wa Bay na Bakool ndio walioumia zaidi.

Miongoni mwa wakulima hao wamo Wabantu wa Juba. Baadhi yao, Wamushunguli, bado wanazungumza Kizigua, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga katika karne ya 19. Vita vilipoanza, baadhi walikimbilia Tanzania na kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na kisha uraia. Wengine waliingia Dadaab, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1991, ambayo mwaka ule wa njaa ilikaribia kuwa na watu nusu milioni, na kila familia ilihitaji kuni za kupikia. Wenyeji wa Garissa watakueleza jinsi misitu ilivyorudi nyuma kutoka kambini, mwaka hadi mwaka.

Kisha, kuanzia Oktoba 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, jambo ambalo wafugaji wazee hawakuwahi kuliona. Mifugo zaidi ya milioni 3 ilikufa, na zaidi ya watu milioni 1 waliacha makwao. Njaa rasmi haikutangazwa safari hii, maana misaada iliwahi, lakini utafiti uliotolewa Machi 2023 na Wizara ya Afya ya Somalia, WHO na UNICEF ulikadiria vifo vya ziada 43,000 katika mwaka 2022 peke yake. Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walisema mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame kama huo karibu mara 100. Maelezo yao yanastahili kushikwa vizuri. Mvua ilipungua, naam, lakini tatizo kubwa ni joto. Maji kidogo yaliyonyesha yaliondoka udongoni upesi kuliko zamani, kwa hiyo hata msimu ambao hapo awali ungeitwa hafifu sasa huwa wa maafa. Somalia yenyewe huchangia chini ya sehemu moja kwa mia ya gesi zinazoipasha joto dunia.

Nzige walikuwa wameutangulia ukame huo. Vimbunga Mekunu na Luban, vya 2018, vililowesha jangwa kati ya Omani, Yemen na Saudia, nzige wakazaliana humo, na Yemen iliyokuwa vitani haikuweza kuwazuia. Walivuka Ghuba ya Aden, na tarehe 2 Februari 2020 Somalia ilitangaza hali ya dharura. Tayari walikuwa wameshaingia Kenya, ambayo haikuwa imeona uvamizi wa ukubwa huo kwa miaka 70. Novemba mwaka huohuo kimbunga Gati, kikali kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa Somalia, kilipiga eneo la Bari.

Bahari

Kwenye bahari kuna hadithi mbili, na ni vizuri zisichanganywe. Ya kwanza ni ya takataka zenye sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilifichuliwa njama za kampuni za Ulaya kutaka kutupa taka Somalia kwa mikataba iliyosainiwa na mtu aliyejiita waziri. Tarehe 20 Machi 1994 mwandishi wa habari wa Kiitalia Ilaria Alpi na mpigapicha wake Miran Hrovatin waliuawa Mogadishu, na wengi Italia huamini walikuwa wakifuatilia biashara ya taka na silaha. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 kupiga Hafun, UNEP iliandika kuhusu taarifa za makontena yaliyosukumwa ufukweni. Ushahidi wa maabara umebaki haba mno ukilinganisha na uzito wa tuhuma. Uchunguzi wa kina unahitaji mahali pa kufika salama, na hapo ndipo shauri lilipokwama.

Ya pili haina fumbo. Meli za kigeni zilivua bila kizuizi katika maji ya Somalia, nyingine zikikokota nyavu juu ya sakafu ya bahari karibu kabisa na ufuko, na kukata mishipi na nyavu za wavuvi wadogo. Utafiti wa 2015 ulikadiria kwamba wageni walichukua mara tatu ya walichovua Wasomali wenyewe. Maharamia walipotokea walijiita walinzi wa pwani. Wachache wa mwanzo pengine walistahili jina hilo, lakini haukupita muda mrefu kabla ya kazi kuwa ya kuteka meli za mafuta na kudai mamilioni. Jambo la kuudhi ni kwamba hofu ya maharamia iliwapa samaki nafuu kwa miaka kadhaa. Manowari za kimataifa zilipouzima uharamia, wavuvi wa kigeni walirejea. Sheria ya uvuvi ya 2014 ilipiga marufuku nyavu za kukokota. Kuitekeleza kunahitaji boti.

Ubani

Niruhusiwe kutaja kitu kimoja kidogo, kwa kuwa kimo majumbani mwetu. Ubani unaotiwa kwenye vyetezo vya Lamu, Mombasa na Unguja, sehemu yake nzuri hutoka kwenye miti inayoota juu ya miamba ya Bari na Sanaag. Mti hukwanguliwa gome, utomvu ukatoka na kuganda, na kanuni ya wazee ni kuupumzisha ili upone. Mahitaji ya viwanda vya mafuta ya manukato yamepanda, bei imevutia watu wasio na urithi wa miti hiyo, na miti hukwanguliwa mfululizo mpaka inakauka.

Wasimamizi wapya

Katiba ya muda ya 2012, ibara ya 25, ilimpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya yake. Mwaka 2022 serikali ya Hassan Sheikh Mohamud iliunda wizara ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi, na Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vipimo vya mito vinasomwa tena, na tahadhari za mafuriko hutumwa Beledweyne siku kadhaa kabla ya maji. Hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana kwa mbali: mwaka 2023 watu waliwahi kuondoka na magodoro yao.

Hata hivyo tahadhari inayotegemea kipimo cha Beledweyne huchelewa, kwa sababu maji yanapofika kwenye kipimo hicho yameshavuka mpaka. Yanapaswa kuhesabiwa Ethiopia. Ethiopia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kati ya Addis Ababa na Mogadishu hakuna mkataba wowote wa maji ya Juba na Shabelle.